Fremu ya Plastiki Iliyovunjika: Kutambua Chanzo Kabla ya Kushika Gundi

Miwani mingi ya plastiki ambayo ndugu na majirani hapa Tanga huniletea huwa imekwisha kupakwa supa gluu mara mbili au tatu kabla haijanifikia. Mahali palipovunjika huwa pameota magamba meupe, lenzi imeingia ukungu usiofutika, na vipande viwili ambavyo siku ya kwanza vilikutana sawasawa havikutani tena. Wenye miwani hiyo si watu wasio na mikono ya kazi. Tatizo lilianza pale walipochukua gundi bila kujiuliza fremu imetengenezwa kwa plastiki gani na ni nguvu ipi iliyoivunja. Maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua tiba, na kila dalili nitakayoieleza hapa nitaitazama kwa njia hiyo. Mwalimu asiyeona daftari, au mshonaji asiyeona tundu la sindano, hawezi kukaa wiki mbili akingoja fremu mpya, kwa hiyo kazi hii inastahili kufanywa kwa makini hata kama ni ya muda.

Kutambua plastiki ya fremu

Fremu za plastiki zilizoenea madukani ziko za aina tatu kubwa. Ya kwanza ni asetati ya selulosi, plastiki inayotokana na nyuzi za pamba au mbao, ambayo hukatwa kutoka kwenye bamba kama seremala anavyokata ubao. Rangi yake imepenya hadi ndani, na ukitazama mahali palipovunjika mara nyingi utaona tabaka mbili au tatu za rangi zilizobandikwa pamoja. Ukiielekeza kwenye mwanga, fremu isiyo nyeusi kabisa itakuonyesha uzi wa chuma uliopita katikati ya mkono wake. Ya pili ni nailoni ngumu, ambayo mara nyingi hupigwa chapa ya TR90 upande wa ndani wa mkono. Hiyo ni nyepesi, hupinda sana kabla ya kuvunjika, na rangi yake kwa kawaida imepakwa juu tu. Ya tatu ni plastiki ngumu za kumiminwa kwenye kalibu, kama polikaboneti, zinazotumika sana katika miwani ya jua na miwani ya kusomea ya bei nafuu; kwenye kingo zake huonekana mstari mwembamba ulioachwa na kalibu.

Kama macho hayatoshi kutofautisha, chovya ncha ya njiti ya kiberiti katika asetoni, ile inayouzwa kwenye maduka ya vipodozi kwa ajili ya kuondolea rangi ya kucha, kisha uguse mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa ncha ya mkono inayokaa nyuma ya sikio. Hesabu hadi thelathini, halafu jaribu kwa ncha ya sindano. Asetati italainika na kunata, nailoni haitabadilika, na polikaboneti itapauka na kufanya nyufa ndogondogo. Soma kibandiko cha chupa kwanza, maana ziko dawa za kuondolea rangi ya kucha zisizo na asetoni, na hizo zitakupa jibu la uongo.

Iko aina ya nne ambayo huonekana mara chache, nayo ni seluloidi ya miwani ya kale iliyorithiwa kutoka kwa babu. Isugue kwa kidole gumba hadi ipate joto; ikitoa harufu ya kafuri, usiipashe moto wala usiitoboe kwa sindano ya moto, kwa sababu seluloidi hushika moto upesi na kuwaka kwa kasi kubwa.

Dalili: daraja la pua limekatika katikati

Hili ndilo vunjiko gumu kuliko yote, na ndilo ninaloulizwa mara nyingi zaidi. Daraja la pua hubeba nguvu za pande zote mbili. Kila mtu anapovua miwani kwa mkono mmoja, mkono wa upande mmoja huvutwa nje, sehemu ya mbele ya fremu hujikunja, na mkunjo wote huishia kwenye sehemu nyembamba iliyo katikati. Jambo hilo likirudiwa mara kumi kwa siku, kwa miezi mingi, ufa mdogo huanzia upande wa nyuma wa daraja, huendelea polepole bila kuonekana, kisha siku moja miwani inakatikia mkononi bila kuanguka wala kukaliwa. Kwa hiyo mwenye miwani anaposema kuwa imevunjika yenyewe, mwamini, na umwonye kuwa tabia hiyo isipobadilika kiungo kipya nacho kitakatika.

Hapa ndipo inapoonekana sababu ya supa gluu kushindwa. Gundi hiyo ikikauka huwa ngumu na kavu kama kioo. Inastahimili kuvutwa moja kwa moja, lakini haistahimili kukunjwa wala kubanduliwa kuanzia pembeni, na daraja la pua halifanyi kazi nyingine isipokuwa kukunjwa. Zaidi ya hayo, supa gluu hukauka kwa kutumia unyevu wa hewa, na katika hewa nzito ya pwani mvuke wake hutua juu ya lenzi na kuacha ule ukungu mweupe. Lenzi zitolewe kabla ya gundi ya aina yoyote kufunguliwa. Kama haiwezekani kuzitoa, zifunikwe pande zote mbili kwa utepe wa karatasi.

Fremu ikiwa ni ya asetati, tiba yake bora ni kuiyeyusha na kuiunganisha yenyewe kwa yenyewe. Kwangua unga kidogo kutoka fremu nyingine ya asetati iliyokwisha kufa, au kutoka upande wa ndani wa ncha ya mkono wa fremu hiyo hiyo, uutie katika kichupa cha kioo na kuudondoshea asetoni hadi upate uji mzito kama asali. Kikombe cha plastiki kisitumike, kwani asetoni inaweza kukiyeyusha mezani. Safisha nyuso mbili zilizovunjika, uzipake asetoni tupu kwa brashi ndogo, ungoje sekunde kumi hivi mpaka zianze kung'aa na kunata, utie uji kidogo, kisha uzibane pamoja mpaka uji utokeze pembeni kama ukingo mwembamba. Ukingo huo usifutwe wakati ungali laini. Utakatwa kwa tupa utakapokauka. Iache fremu saa 24 bila kuigusa, na ikiwezekana siku mbili, maana asetoni iliyonaswa ndani hutoka polepole na kiungo kinachoonekana kigumu kwa nje huweza kuwa laini bado katikati. Kazi hii ifanyiwe mahali penye hewa, mbali kabisa na jiko la mkaa, la gesi au la mafuta, kwa kuwa mvuke wa asetoni hushika moto na hutambaa chini kabla mtu hajaunusa.

Kiungo cha namna hiyo kikipona vizuri huwa na nguvu ya kutosha kwa mvaaji mwangalifu, lakini kwa daraja mimi sitosheki nacho. Daraja likiwa na unene wa milimita 4 au zaidi, natumia pini ya ndani pamoja na epoksi badala ya uji huo. Toboa kitundu cha kipenyo cha milimita 1 katika kila uso uliovunjika, kina chake kikiwa milimita 4 au 5, kwa biti nyembamba inayozungushwa kwa vidole. Usitumie mashine ya umeme, kwani hupasha plastiki joto na kutoka nje ya mstari. Shida ya kazi hii ni kuvifanya vitundu viwili vitazamane. Anza na upande mmoja, ingiza pini ifikie usawa wa uso, tia tone dogo la rangi ya kucha kwenye kichwa chake, kisha uukutanishe uso wa pili nao mara moja. Alama itakayoachwa ndiyo mahali pa kutoboa. Waya wa klipu ya karatasi unafaa kuwa pini, ilimradi uukwaruze kwa msasa ili gundi ishike. Jaza vitundu na nyuso kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili, ukichagua ile inayokauka polepole kuliko ile ya dakika tano, kwa sababu hukupa muda wa kunyoosha fremu na kwa kawaida hushika kwa nguvu zaidi. Shangazi yangu, ambaye ni mshonaji, alivaa fremu iliyopigwa pini ya namna hii kwa zaidi ya mwaka mmoja, akiivua kwa mikono miwili kama nilivyomsihi.

Fremu ya nailoni haitakubali njia ya asetoni, na epoksi huishika kwa udhaifu. Kwa fremu hiyo fundi hana budi kutegemea kufunga kuliko kugandisha. Toboa vitundu viwili vidogo kila upande wa ufa, upitishe uzi imara au waya mwembamba kama anayeshona kiraka, ukaze, kisha uudondoshee supa gluu ili mshono usilegee. Gundi hapa inalinda uzi, na uzi ndio unaobeba mzigo. Uwe mwangalifu uzi usiwe wa pamba, na usiifute supa gluu kwa pamba au kitambaa cha pamba, kwa sababu vitu hivyo viwili vikikutana hutoa joto kali linaloweza kuunguza ngozi. Mshono huo hauna uzuri, na mwenye miwani aambiwe hivyo mapema. Kwa polikaboneti, pini na epoksi hufaa kama daraja ni nene. Likiwa jembamba, mshono ni bora.

Dalili: mkono umeng'oka penye bawaba

Kabla ya kufanya lolote, tazama ni kitu gani kilichoachia. Ikiwa bawaba imebaki nzima na plastiki iliyoizunguka ndiyo iliyopasuka, chanzo ni mkono kusukumwa nje kupita kiwango chake, mara nyingi na mtoto aliyekaa mapajani au na mtu aliyelala na miwani. Ikiwa bawaba ya chuma imechomoka nzima na kuacha shimo, ilikuwa imezamishwa kwa joto kiwandani na plastiki imeiachia. Ikiwa zipo pini mbili za chuma zinazoonekana kama nukta upande wa mbele, bawaba ilifungwa kwa ribiti, na ribiti ndizo zilizokatika au kulegea.

Bawaba iliyochomoka kutoka kwenye asetati hurudishwa kwa joto. Ishike kwa kibano, uigusishe chuma cha kulehemu cha mafundi redio kwa sekunde chache, kisha uisukume katika shimo lake la zamani baada ya kulijaza ule uji wa asetati uliokwisha kukauka nusu. Usisubiri plastiki itoe moshi. Harufu ya siki ikianza kusikika, joto limezidi. Usiweke chuma cha moto kwenye plastiki yenye asetoni mbichi, kwani hapo unaomba moto. Bawaba iliyozama sawasawa huwa na mhimili unaosimama wima kabisa. Ukiinama hata kidogo, mkono utafungika ukiwa umeelekea juu au chini na miwani haitakaa usoni, kwa hiyo funga na ufungue mkono mara mbili kabla plastiki haijapoa.

Ribiti zilizolegea hukazwa kwa kugongwa polepole kwa nyundo ndogo, upande wa mbele ukiwa umeegemezwa juu ya chuma kilichofunikwa kitambaa. Zilizokatika ni kazi ya fundi mwenye vifaa, nami siishauri nyumbani, kwani anayejaribu kuzitoa kwa kisu kwa kawaida huipasua kona yote.

Dalili: mkono unacheza au unaanguka bila kuvunjika

Hapa plastiki haina kosa lolote. Skrubu imelegea au imepotea. Skrubu nyingi za bawaba zina kipenyo kati ya milimita 1.2 na 1.6, na pakiti zenye skrubu mchanganyiko pamoja na bisibisi ndogo zinauzwa kwa wachuuzi wa barabarani. Ikiwa inalegea kila wiki, itoe, ipake tone la rangi ya kucha angavu kwenye nyuzi zake, uirudishe na kuikaza. Usitumie supa gluu hapo, maana itaingia katika pete za bawaba na mkono hautafunguka tena, na anayelazimisha kuufungua ndiye anayerudi na lile tatizo la bawaba iliyong'oka. Skrubu ikiwa imepotelea safarini, kipande cha waya laini kilichopitishwa katika bawaba na kukunjwa pande zote mbili kitakufikisha nyumbani. Ncha zake zielekezwe nje, mbali na jicho.

Dalili: lenzi inatoka kwenye ukingo wake

Chunguza kama ukingo umepasuka au umetanuka. Ukingo uliopasuka huonyesha ufa mwembamba, kwa kawaida kwenye kona ya nje karibu na bawaba au chini ya pua, na huungwa kama nilivyoeleza juu ya daraja, lenzi ikiwa nje. Ukingo uliotanuka hauna ufa, na chanzo chake mara nyingi ni joto: miwani imeachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, au karibu na jiko.

Kwa asetati, zamisha sehemu ya mbele, bila lenzi, katika maji ya moto ambayo kidole kinaweza kuyagusa lakini hakiwezi kukaa humo. Maji yanayochemka hayafai, kwani huipotosha fremu nzima. Plastiki ikilainika, rudisha lenzi kutoka mbele kwa kuanza na upande wa pua, hakikisha imeingia kwenye mfereji wake kote, kisha zamisha ukingo katika maji baridi huku umeubana. Ukipoa katika umbo hilo utaishika lenzi. Isipotosha, kipande cha mshipi mwembamba wa kuvulia samaki kilichozungushwa ndani ya mfereji huijaza nafasi iliyobaki. Gundi isitiwe kati ya lenzi na ukingo, kwa sababu lenzi hiyo haitatolewa tena bila kuvunja kimoja kati ya viwili hivyo.

Nailoni hailainiki ipasavyo kwa maji ya nyumbani, kwa hiyo kwake ule mshipi ndio njia pekee rahisi.

Dalili: fremu imepauka na kuota nyufa nyembamba

Asetati huchanganywa na mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo hutoka polepole kwa miaka, hasa yanaposaidiwa na jasho, mafuta ya ngozi na jua. Weupe ulio juu tu, nyuma ya masikio na chini ya pua, huondolewa kwa msasa laini sana wa maji ukifuatiwa na dawa ya meno iliyosuguliwa kwa kitambaa laini, lenzi zikiwa zimetolewa, kwa kuwa dawa ya meno hukwaruza lenzi za plastiki. Ikiwa weupe umeingia ndani na fremu hutoa mlio mkavu ikipindwa kidogo, uimara wake umekwisha. Kuiunga mahali pamoja kutaihamishia mvunjiko mahali pengine, na ni afadhali nguvu hizo zitumike kutafuta fremu nyingine.

Dalili: kuna supa gluu ya zamani na kiungo hakikutani

Fundi anayefuata hukutana na hali hii zaidi ya nyingine zote. Gundi ya zamani lazima iondoke yote, kwa maana hakuna gundi mpya inayoshika vizuri juu yake. Kwenye nailoni, asetoni itailainisha bila kuidhuru plastiki, nayo itakwanguliwa kwa kisu chembamba. Kwenye asetati, njia hiyo itayeyusha fremu pamoja na gundi, kwa hiyo kwangua ikiwa kavu kwa ncha ya kisu na kumalizia kwa tupa laini, ukikubali kupoteza sehemu ya milimita. Nafasi itakayobaki ijazwe uji wa asetati katika tabaka mbili au tatu, kila moja ikikauka kwa siku nzima, kwani tabaka moja nene hunywea na kuacha shimo.

Dalili: fremu imeungana, lakini kichwa kinauma

Kuunga daraja bila kupima ni kosa ambalo halionekani kwa macho. Ndani ya mkono wa miwani nyingi zimeandikwa namba kama 52, 18 na 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi, ya pili ni nafasi kati ya lenzi mbili kwenye daraja, ya tatu ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Baada ya kuunga, pima nafasi ya daraja kwa rula na uilinganishe na namba ya pili. Lenzi yenye nguvu ya dayopta 6 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) ikisogea milimita 2 kutoka mahali pake hupindisha mwanga kwa kiasi cha prizimu 1.2 (prizimu ni kipimo cha kupinda huko kwa mwanga), na macho hulazimika kufidia jambo hilo mchana kutwa; lenzi yenye nguvu ya 1 ikisogea hivyo hivyo, wavaaji wengi hawatambui lolote. Vivyo hivyo, katika fremu ya duara, lenzi iliyowekwa kwa ajili ya astigmatizimu (kasoro ya jicho lisilopindika sawa pande zote) ikizunguka kidogo ndani ya ukingo wake hupoteza mwelekeo, kwa hiyo weka alama ndogo kwenye ukingo na kwenye lenzi kabla ya kuitoa.

Kisha igeuze miwani juu chini, mikono ikiwa wazi, uiweke juu ya kioo au meza iliyonyooka. Kingo zote mbili za juu na mikono yote miwili viguse meza kwa wakati mmoja. Kama kona moja inaelea, asetati inaweza kunyooshwa kwa maji ya moto kabla ya kuvaliwa. Miwani ya mtoto mdogo usiitie pini wala waya, kwani ikipigwa mpira usoni chuma hicho kiko sentimita mbili tu kutoka kwenye jicho. Kwake yeye, na kwa mtu mwenye lenzi nzito ambaye maumivu ya kichwa hayamwachi baada ya siku mbili au tatu, peleka lenzi zenyewe kwenye duka la miwani na uulize kama zinaweza kukatwa upya ziingie katika fremu ndogo kidogo kuliko ya kwanza; lenzi isiyokwaruzwa mara nyingi hukubali kukatwa hivyo, na gharama huwa ya fremu na kazi ya kukata tu.